Samaki Waliokufa Wameshiba

Nchi yangu ina jina zuri sana, lakini sheria inamtaka kila anayelitaja asimame wima, na mimi hapa nimekaa naandika. Kwa hiyo tutasema tu "nchi yetu". Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zote zilikusanywa zikafanyiwe marekebisho na mpaka leo hazijarudi.

Mimi ni mtumishi wa umma. Nipo Kitengo cha Makofi, Wizara ya Maji na Vitu Vinavyoelea. Kazi yangu ni kukaa safu ya mbele Waziri anapohutubia, na kuanza kupiga makofi kabla wengine hawajapata nafasi ya kufikiri. Watu huidharau kazi hii. Hawajui kwamba mpiga makofi akichelewa kidogo tu, kimya huingia mkutanoni, na kimya kikishaingia kwenye mkutano wa serikali ni kazi kubwa kukitoa.

Kwa sababu ya kukaa mbele, nimeona mengi. Nayasimulia bila kinyongo na mtu.

Tuna ziwa moja, Ziwa Lumbe, maji matamu, mapana kiasi kwamba ng'ambo huioni. Tangu enzi za mababu, siku ya kufungua msimu wa uvuvi, kiongozi wa nchi hupita ziwani kwa boti, na wananchi hujipanga ufukweni wakamrushia maua majini. Akishuka, hukaa kwenye kiti mbele ya watu wote akala samaki wa kwanza wa msimu. Akimmaliza, wavuvi ruhusa. Na katika kula huko kuna mwiko mmoja: Mkuu hatemi. Kitu kikishaingia kinywani mwa Mkuu mbele ya wananchi hakirudi nje, iwe mwiba, iwe pilipili. Kinachoruhusiwa kutoka ni ahadi tu.

Zamani maua yalikuwa maua. Ubaya wake yalikuwa yananyauka. Mwaka mmoja Mkuu wetu mpendwa aligeuka nyuma akiwa kwenye boti, akayaona yamelala juu ya maji, akauliza, "Mbona yamechoka?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini Waziri wetu, Mheshimiwa Sungwa, alikosa usingizi. Ua lililorushwa kwa Mkuu linachokaje? Limechoshwa na nini? Mwaka uliofuata tukawa na Kiwanda cha Taifa cha Maua ya Plastiki, kimejengwa pale pale ufukweni ili maua yasipate taabu ya safari. Kila raia alipewa fungu lake, mawaridi mekundu na ya pinki, na kila raia alilirusha lote, kwa sababu aliyebaki na ua mkononi alitakiwa kueleza alikuwa analiweka akiba kwa ajili ya nani.

Maua hayo, lazima tuseme ukweli, hayakunyauka. Yalielea ziwani mwaka mzima. Jua likayachoma, mawimbi yakayakatakata, ua likawa vipande, vipande vikawa chembe, na chembe zikawa vumbi ambalo jicho halilioni mpaka jua lipige kwa ubavu. Hapo maji yote humeta pinki. Na kiwandani nako, rangi iliyobaki ilimwagwa ziwani ili isiharibike bure. Mheshimiwa Sungwa alitangaza kwamba ziwa letu ndilo pekee duniani linalojipaka vipodozi lenyewe. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Baada ya hapo mafanikio yalikuja moja baada ya jingine. Vyura wa Ziwa Lumbe, waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha na kumkosesha Mkuu usingizi, wakanyamaza. Wizara ikatoa taarifa kwamba ziwa sasa lina utulivu. Vidudu vidogo vya majini, vile ambavyo samaki wachanga huvila, vikapungua, na wizara ikatoa taarifa kwamba maji yamekuwa safi. Kisha wakaanza kuonekana samaki wachanga waliopinda mgongo. Hao walipelekwa kwa Profesa Kaswalala, mkurugenzi wa Taasisi ya Taifa ya Maendeleo ya Samaki, mtu msomi mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kupigiwa picha. Profesa aliwachunguza akasema hao hawakupinda. Wanainama. Wameanza kuwa na heshima.

Nakumbuka kuna mtu nyuma yangu alicheka. Nilimfunika kwa makofi.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, Mama Nyamizi, mkaanga samaki, mwenye kibanda karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kibanda alikirithi kwa mama yake, pamoja na kisu chembamba kilicholika kwa kunolewa. Wengine walijulikana kwa pilipili yao. Mama Nyamizi alijulikana kwa mayai. Mteja wa kwanza wa asubuhi alipewa mayai ya kambare, yamekaangwa, juu ya jani la mgomba, bure. Ndivyo alivyofanya mama yake, na watu wazima na akili zao walikuwa wakiamka alfajiri kugombea kuwa wa kwanza. Mimi nimewahi kuwa wa kwanza mara moja. Sijawahi kusahau.

Mayai yakaadimika. Kisha yakakoma. Mama Nyamizi alipasua kambare huyu, akapasua yule, mayai hakuna. Alichokuta tumboni ni bonge la uji wa pinki, limejaa mpaka utumbo umevimba, na samaki mwenyewe pembeni amebaki kichwa na mifupa. Akawa anawaonyesha wateja.

"Jamani tazameni," alikuwa akisema, na kisu mkononi. "Samaki tumbo limejaa na mwili umekwisha. Huyu anakula nini?"

Wateja walitazama. Wengine waliagiza maharage.

Habari zikafika wizarani, na Profesa akatakiwa kutoa ufafanuzi wa kitaalamu. Akaandaa mkutano na waandishi wa habari. Akavaa miwani ya kupigiwa picha, akasema: "Ndugu waandishi, tangu taifa hili liundwe, hatujawahi kuwa na samaki ambao matumbo yao yamejaa kiasi hiki. Ni kweli wanakufa. Lakini, na hili naomba mliandike kwa wino mweusi, wanakufa wameshiba!"

Nilisimama kabisa. Makofi ya siku hiyo yalinipatia barua ya pongezi. Mheshimiwa Sungwa alisimama pia na kutangaza kwamba njaa imetokomezwa rasmi ndani ya Ziwa Lumbe, na kwamba nchi jirani, ambazo samaki wao bado wanahangaika kutafuta chakula, zinakaribishwa kuja kujifunza.

Lakini Mama Nyamizi hakusoma magazeti. Aliendelea kupasua na kuonyesha. Ikabidi kiitwe kikao cha dharura, nami nikaitwa iwapo kitu kingehitaji kupigiwa makofi.

"Tatizo hili lilianza lini?" aliuliza Waziri.

"Lilipoanza kuonekana, Mheshimiwa," alijibu Profesa.

"Na linaonekana wapi?"

"Ndani ya tumbo, Mheshimiwa. Likishapasuliwa."

Waziri akaegemea kiti. Usoni akapata ule mwanga ambao sisi wa wizarani tunaujua. "Basi lisipasuliwe."

Sheria ikaandikwa mchana huo huo. Mwanzoni ilimtaja samaki peke yake, lakini Waziri anawajua wananchi wake. Alisema ukikataza samaki watakwambia huyu si samaki, huyu ni dagaa. Kwa hiyo ikaandikwa hivi: ni marufuku kwa mtu yeyote kupasua tumbo la kiumbe chochote ndani ya mipaka ya nchi hii kwa nia ya kutazama kilichomo. Mkuu akaitia saini, na ikatangazwa kwamba haiwezi kufutwa ila na Mkuu mwenyewe.

Wauza nyama walikuja wizarani wakilalamika. Waziri, ambaye ni msikivu, aliwaruhusu waendelee kuchinja na kupasua mradi wafumbe macho. Kwa kweli walijitahidi. Ni kwa sababu hiyo ukienda hospitali zetu utaona wauza nyama wengi wana vidole pungufu.

Mama Nyamizi alikamatwa siku ya pili tu, kisu kikiwa bado ndani ya kambare.

"Mshtakiwa, unakubali ulimpasua samaki?" aliuliza hakimu.

"Nakubali, mheshimiwa. Nawapasua tangu sijavunja ungo."

"Kwa nia gani?"

"Natafuta mayai."

"Ukaona nini?"

Mwendesha mashtaka akaruka kama aliyekalia moto. Alipinga swali hilo, akasema likijibiwa, mahakama nzima itakuwa imetazama kilichomo. Hakimu akajiona mwenyewe kizimbani, akafuta swali haraka.

Kisu kikachukuliwa kama kielelezo. Kuhusu kibanda, hakimu aliona huruma. Siku ya Ziwa ilikuwa imekaribia, na hakuna aliyejua kumpika kambare kama yule mama. Akaamuru Mama Nyamizi ampikie Mkuu samaki wa kwanza wa msimu, kwa kufuata sheria. Mkuu akiridhika, ataachiwa kibanda chake. Mkuu asiporidhika, kibanda kitavunjwa. Mama Nyamizi aliuliza, "Na kisu?" Hakimu akasema kisu ni mali ya ushahidi.

Siku ya Ziwa ikafika. Nilikuwa safu ya mbele, karibu na jiko, kwa hiyo yote niliyaona. Kambare aliyeletwa alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, tumbo limetuna. Mama Nyamizi alimgeuza, akalibonyeza tumbo kwa kidole gumba, akasimama.

"Baba," alimwambia Waziri, "humu ndani kuna kitu kigumu. Nipeni hata wembe. Nitapasua upande wa chini, hakuna atakayeona."

"Mama, sheria ni sheria."

"Nitafumba macho."

"Ruhusa hiyo ni ya wauza nyama tu," alisema Waziri, na polisi watatu wakasogea kuizingira sufuria.

Mama alinitazama mimi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa sina bunduki. Nikatazama viatu vyangu. Akashusha pumzi, akamtia kambare kwenye mafuta mzima mzima, bila kupasuliwa, akamuunga kwa nyanya na vitunguu. Harufu ilikuwa nzuri, hilo hakuna wa kulikataa.

Mkuu akapita kwa boti, maua yakarushwa, ziwa likawa jekundu mpaka maji huyaoni. Akashuka, akakaa, akala. Alikula kwa furaha mpaka alipofika katikati ya samaki. Hapo taya zake zikasimama. Shavu la kushoto likavimba. Mbele yake zilikuwapo kamera, mabalozi na wananchi wote wa ukanda wa ziwa, na Mkuu hatemi. Macho yakamtoka, shingo ikanyooka kama ya bata, akameza.

"Tamu," alisema, na machozi yakimtiririka.

Tulipiga makofi kama mvua kubwa. Wavuvi wakaruhusiwa. Mama Nyamizi peke yake ndiye aliyeketi chini, mikono kichwani.

Jioni hiyo Mkuu hakutaka chakula. Kesho yake pia. Akiletewa pilau, anasema ameshiba. Akiletewa ndizi kwa nyama, ameshiba. Wiki ikakatika, suti zikaanza kumning'inia, mkanda ukatobolewa matundu mapya, na bado ameshiba. Madaktari wakapendekeza apewe dawa ya kutapika. Wapambe wakauliza kutapika nako kuna tofauti gani na kutema. Profesa Kaswalala akaitwa Ikulu, akampima Mkuu tumbo kwa kipimo kile kile cha kambare, akatoka amejaa furaha. Tumbo la Mkuu, alisema, limefikia kiwango cha kitaifa.

Mama Nyamizi akawekwa ndani akisaidia upelelezi. Kibanda kikapigwa kufuli, kisivunjwe wala kisifunguliwe, kwa kuwa Mkuu alikuwa amesema "tamu" na wakati huo huo alikuwa anakufa, na wanasheria hawakukubaliana kama huko ni kuridhika au kutoridhika.

Mwishowe Mkuu akahamishiwa hospitali, na daktari bingwa wa upasuaji akaitwa chumbani kwake. Sisi wa Makofi tulikuwa ukumbini, mlango uko wazi. Daktari alimbonyeza Mkuu tumbo kwa kidole gumba, vile vile alivyofanya yule mama.

"Kuna kitu kigumu. Inabidi kupasua."

"Sheria hairuhusu," alisema Mheshimiwa Sungwa, kwa upole. "Kiumbe chochote."

"Basi Mkuu atakufa."

Waziri akafikiri. Uso wake ukapata tena ule mwanga. "Ningeweza kukuongezea ruhusa ya wauza nyama. Utafumba macho."

"Naweza kufumba," alisema daktari. "Ila siahidi nitatoa kipi na nitaacha kipi."

Tukatazamana sisi wa Makofi, hatukujua kama hapo pana kazi yetu. Ndipo Mkuu akafungua macho. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba.

"Niitieni aliyenipikia."

Wakamleta Mama Nyamizi, kanga imekunjamana, viatu hana. Alisimama mlangoni. Mkuu akamwashiria asogee.

"Mama, mle ndani ya samaki kulikuwa na nini?"

"Sijui, baba. Sikufungua. Sheria."

Waziri alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na kama ungefungua?"

"Ningekutolea kabla hujameza. Kazi yangu si ndiyo hiyo?"

Mkuu akahema. "Sina njaa, mama," alisema hatimaye. "Lakini naisha."

Mama Nyamizi akaacha kumwogopa, nilimwona akiacha. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono mtu yule kama angemshika mgonjwa yeyote wa jirani.

"Ndivyo na wao, baba. Ndivyo na wao wanavyoisha. Nimesema mwaka mzima."

Mkuu akaomba kalamu. Mheshimiwa Sungwa aliuliza kama isingekuwa vyema kuunda kwanza tume ya kuangalia upatikanaji wa kalamu. Daktari akatoa yake mfukoni. Sheria ikafutwa kwa mstari mmoja uliopinda, na dakika hiyo hiyo kitanda kikaanza kusukumwa kwenda chumba cha upasuaji.

Alichotoa daktari ni tumba la waridi la plastiki, limefungamana, na kipande cha kikonyo. Lilikuwa pinki iliyoiva. Waziri alilipokea kwenye sahani akalionyesha dirishani kwa umati uliokuwa unasali nje.

"Halijanyauka!" alipaza sauti.

Tulipiga makofi, ila taratibu, kwa sababu ya wagonjwa.

Mama Nyamizi akaachiwa. Kibanda kikafunguliwa, kisu kikarudishwa kutoka kwenye ushahidi kikiwa na kutu kidogo. Kiwanda cha Maua kilifungwa, na Mheshimiwa Sungwa, ambaye ni mtu wa mawazo, akaandika pendekezo la kukifungua upya kitengeneze njiwa wa plastiki wa kurushwa majini. Pendekezo liko mezani kwa Mkuu. Nimesikia kikombe cha chai kimewekwa juu yake.

Siku ya Ziwa iliyofuata, Mkuu alipita kwa boti na watu wakampungia mikono mitupu. Maji yalikuwa bado yanameta, maana kilichotupwa miaka yote hiyo hakikuwa na pa kwenda. Akashuka, akitembea polepole, akapita kiti chake bila kukaa. Akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Mama Nyamizi, na sisi wote tukamfuata tukisukumana.

"Mpasue kwanza, mama," alisema. "Mimi natazama."

Mama Nyamizi akapitisha kisu chini ya tumbo la kambare, akalifungua kwa vidole viwili. Mkuu akainama. Nasi tukainama. Nilijikuta natafuta mayai, kwa hamu ambayo sikujua kama bado ninayo. Nikaliwaza lile jani la mgomba.

Mayai hayakuwamo. Kulikuwa na uji wa pinki, umejaa tele, na mbavu nyembamba zinazopitisha mwanga.

Mheshimiwa Sungwa alikuwa wa kwanza kupata la kusema. "Naam! Mnaona wenyewe, ndugu wananchi. Ameshiba!"

Akanigeukia, na mikono yangu, kwa mazoea ya kazi, ikainuka. Ikabaki hewani. Kimya kikaingia, kile nilicholipwa miaka yote nisikiruhusu kuingia, kikakaa katikati yetu, na hakuna aliyejaribu kukitoa.

Mkuu alikuwa ameweka kiganja juu ya shati lake, pale penye mshono.

"Nyamaza, Sungwa," alisema. "Huyu amekufa na njaa."

Mama Nyamizi akakifuta kisu kwenye kanga, akamsogeza kando kambare yule, akavuta mwingine.